Mahakama Iko Ng'ambo, Kesi Iko Likunja

Jumatano, Nachingwea. Mawingu yamejikusanya tangu asubuhi na mvua hainyeshi. Joto limekaa tu. Sijala chochote cha maana.

Leo nimeyasoma makubaliano yote. Yale ya duka la programu za simu, ambayo sisi watengeneza programu tunabonyeza "Nakubali" bila hata kuyatazama. Mwaka jana niliyabonyeza huku nageuza chapati, mbio mbio, utadhani kuna mtu ananifukuza.

Programu yangu yenyewe ndogo tu. Inawasaidia manesi wageni kuongea na wagonjwa wazee kwa Kimwera: unaumwa wapi, umekula, dawa umemeza? Sauti ni ya Mama Mkubwa, dada yake mama, anayeishi Likunja kule Ruangwa. Alikaa kitako kutwa nzima akirekodi, akanidai soda basi.

Sasa imetokea programu nyingine, dukani humo humo, ya mtu nisiyemjua. Ameichukua ile sauti na kuisemesha kwa kompyuta maneno anayotaka yeye, ambayo Mama Mkubwa hakuyasema kamwe. Wajukuu wanawawekea wazee wasikilize, na Mama Mkubwa wa kwenye simu anawaambia, Kimwera safi kabisa, kwamba vidonge vya presha vinakausha damu, waviache, wanunue unga wa majani.

Mzee Salumu, jirani yake, aliviacha. Juzi kaanguka. Upande wa kulia hauna nguvu, mdomo umekwenda pembeni.

Watoto wake hawamjui mwizi wa sauti. Wanaijua sauti. Wamemshtaki Mama Mkubwa kwenye baraza la kata, na kesi inasikilizwa kesho.

Nililiandikia duka waiondoe hiyo programu. Jibu limekuja leo, lina adabu zote. Wamesikitika sana. Kisha wakaninukulia kifungu: mgogoro wowote kati yangu na wao utafuata sheria za jimbo lao huko Marekani, na utasikilizwa na mahakama za huko huko, si kwingine. Nami nilishakubali. Programu yenyewe iko palepale. Nimeifungua sasa hivi, inaongea.

Naogopa. Sina haja ya kuficha, naogopa.

Mchana nilimpigia Mama Mkubwa nikamweleza hicho kifungu kwa Kiswahili chepesi, nikichomekea Kimwera changu kibovu.  Akauliza:

"Mwenyekiti wao wa kijiji ni nani, tukamwone?"

Nilitaka kucheka, nikashindwa. Nikamwambia hao hawana mwenyekiti wa kumwendea. Akasema basi atapita nyumba kwa nyumba, aseme kwa kinywa chake kwamba si yeye. Kumbe alishaanza jana. Nyumba ya kwanza alipiga hodi, na bibi wa mle ndani, aliyecheza naye tangu utotoni, alipoisikia tu ile sauti akafunga komeo.

Hapo ndipo nilipokaa chini.

Duka huwezi kuliita Likunja. Mwizi hajulikani. Wakili wa Marekani mimi nitamtoa wapi, na nauli ya kumfuata? Katika watu wote walioingia kwenye jambo hili, anayefikika ni mama mzee ambaye hajawahi hata kumiliki simu ya kugusa.

Mume wangu ananiambia nisijipeleke. Jina langu hakuna aliyelitaja, watu wana hasira, na hasira haiulizi nani alibonyeza nini. Anaongea kwa kunipenda, najua. Lakini nimemkasirikia mpaka sasa, maana nusu ya moyo wangu ilimkubali.

Kesho asubuhi napanda gari la Ruangwa. Barazani nitaomba walifute jina la Mama Mkubwa waandike langu, kwa sababu kidole kilichokubali ni changu.

Watoto wa Mzee Salumu wako wanne, wanaume watupu. Wanangu nimewaambia naenda kumsalimia bibi yao.