Sijala, Nimekunywa Chai Tu

Jumamosi, Chumbageni. Mvua imenyesha alfajiri ikakata, jua likatoka safi, na mie leo nina furaha mpaka naimba peke yangu.

Shajara yangu, sikiliza. Leo nimebana gauni langu mwenyewe. Si sana, upana wa kidole kila upande, lakini nimebana. Asiyejua ufundi hataelewa. Miaka yote hii gauni likinikaba, mie naachia mshono. Wanawake wenzangu nguo ndiyo inayowaambia kwamba wamenenepa. Zangu nilizifunga mdomo, maana kila zikitaka kusema nazifumua, naziongezea kitambaa, tunaendelea kuheshimiana. Kutwa nawapima watu viuno na nyonga, na ile futi haijawahi kunizunguka mie.

Lakini furaha yenyewe si ya gauni. Nitafika huko.

Ilianza na goti. Mwezi uliopita goti la mguu ninaokanyagia cherehani liligoma, nikajikokota hadi zahanati. Nesi alikuwa binti mdogo, mpole, akanipa shikamoo yake vizuri, akanipandisha kwenye mzani, akanipima presha, kisha akanipima tena. Akaniambia presha imeanza kupanda na goti limechoka kubeba, kwa hiyo nipunguze uzito kabla hatujafika kwenye dawa. Halafu akauliza kwa siku nakula mara ngapi.

Nikamjibu kwa moyo mkunjufu: mara mbili. Mchana na usiku, basi. Wallahi sikuwa nadanganya.

Akauliza, asubuhi je? Nikamwambia asubuhi sili, nakunywa chai tu. Chai na nini? Nikamtajia maandazi, na mbaazi za nazi zikiwepo. Saa nne? Saa nne nakunywa chai. Na nini? Muhogo wa kukaanga, au bajia, inategemea nani kapita na beseni. Alasiri? Alasiri nakunywa chai na mama yangu. Na nini? Vitumbua. Hapo nikaanza kuyasikia maneno yangu mwenyewe. Kalamu ya nesi ilikuwa imesimama. Nikaona nimalizie kabisa, nikamtajia na kashata za usiku mbele ya televisheni, zile za kusafisha mdomo.

Hakucheka, au alichekea moyoni. Alisema tu, "Mama, ukitafuna, umekula."

Yakhe! Miaka arobaini na kitu nakisema hiki Kiswahili, sijawahi kukaa nikalitazama neno kunywa chai. Kwetu mtu ataamka, atakunywa chai na nusu ya genge, ikifika saa saba ukimuuliza kama kala atakwambia hapana, sijala, tangu asubuhi nina chai tu. Na utamwonea huruma. Utamwekea wali.

Nesi akanishauri kwamba kwa mtu kama mie mara tatu zinatosha, kwa saa zake, sahani ya kadiri, katikati maji. Akasema wala idadi haina muujiza, wapo wanaofanya vizuri na mbili na wapo wa nne, mradi vyote vikijumlishwa visizidi. Maneno mazuri. Mie na ubishi wangu nikatoka pale nikatafuta njia ya mkato.

Kwenye kundi letu la kina mama kwenye simu, mmoja akaapa kwamba siri ni kula kidogo kidogo mara sita. Sita niliipenda sana. Lile neno "kidogo" ndilo lililonipotea njiani. Mwingine akasema hapana, kula mara moja tu, jioni. Nikajaribu na hiyo. Mchana nikashona mkono wa kulia kwenye bega la kushoto, kisha nikamfokea mwenye nguo alipokuja kuulizia. Ikabidi nimwombe radhi na nimpunguzie bei.

Nikarudi kwa nesi wangu na tatu zake, mkia katikati ya miguu.

Chai ya saa nne niliiaga bila machozi. Kashata nilizililia kidogo. Goti likaanza kutulia, ngazi za sokoni nikawa napanda bila kushika ukuta. Ikabaki chai ya alasiri. Hiyo sikuweza kuigusa, na nitakwambia kwa nini.

Nyumba hii tunaishi wawili, mie na mama. Binti yangu ameolewa Maramba. Baba alipofariki, mwaka juzi, nilimfuata mama Pangani nikaja naye hapa. Alikuja na sanduku moja na mbuzi yake ya kukunia nazi, kwa sababu ati nazi za mjini hazikunwi, zinasagwa tu. Lakini kula kulimshinda. Ungemwekea wali wa nazi na samaki mzuri, angegeuza tonge, angesema nimeshiba. Asubuhi nimeshiba, mchana nimeshiba, usiku nimeshiba. Mashavu yakaingia ndani. Pete ikawa inamvuka kidoleni wakati wa kutia udhu. Niliogopa, shajara. Niliona nimezika mmoja na wa pili naye ananiaga polepole.

Siku moja alasiri nikakaa naye mkekani, nikaweka chai na vitumbua. Sikumwambia kula. Nikala kimoja, nikamsogezea sahani, nikatazama pembeni. Akaona haya kuniacha nitafune peke yangu. Akachukua kimoja.

Tangu siku ile hiyo ndiyo ikawa dawa yetu. Nikitaka ale kimoja, mie nala viwili. Mashavu yakarudi, yake na yangu. Yangu yakapitiliza.

Sasa niambie, ningeiachaje? Nikiacha kula mie, ataacha na yeye.

Juzi nikajaribu ujanja. Nikashika kitumbua, nikakimega, nikajifanya natafuna, vipande nikavichomeka kwenye pindo la kanga. Mama siku hizi hata uzi hawezi kuutunga kwenye sindano, nikadhani haoni kitu. Akapiga funda la chai. Akasema taratibu kwamba kanga yangu inavuja mafuta. Kisha akarudisha cha kwake sahanini, kizima, akasema basi na yeye ameshiba.

Lile neno. Jana nikala vyangu viwili mbele ya macho yake, na cha tatu kwa woga.

Leo alasiri nguvu ya kudanganya ilikuwa imeniishia. Nimeweka chai, nimeweka sahani katikati, nimekaa. Nikamweleza yote: presha, goti, nesi, na ile ukitafuna umekula. Nikamwambia naumwa na sitaki kuumwa zaidi, kwa sababu nikianguka mie nani atamtazama yeye. Nikamwambia, mama, mie hivi vitumbua nakula ili wewe ule.

Akaweka kikombe chini. Halafu akaanza kucheka.

Mama yangu sijamsikia akicheka namna ile tangu msiba. Alicheka mpaka mtandio ukamdondoka kichwani, akawa anajipangusa macho kwa kiganja. Na mie nikaanza kucheka, wala sijui nacheka nini.

"Mwanangu," akasema alipopata pumzi, "mie hivyo vitumbua sivipendi. Vina sukari mno. Nilikuwa nala ili ukae."

Nikamuuliza nikae vipi. Akaniambia tangu afike hapa mwanawe anamwona mgongo tu. Kutwa niko kwenye cherehani, nachomoka kupika, narudi, hata salamu naitikia nina pini mdomoni. Saa pekee anayoniona uso ni ya chai. Akajisemea moyoni, nikikataa kitumbua chake atasema haya mama, atainuka, atarudi kazini. Basi akawa anameza, anashushia na chai.

Jamani! Bibi wa watu anameza sukari asiyoitaka kwa ajili yangu, na mie nameza mafuta kwa ajili yake, na kila mmoja anajiona ndiye daktari. Nimecheka mpaka goti limeuma.

Na nikimwangalia, sioni kama ulikuwa upuuzi mtupu. Yeye yu hai. Mie nilikuwa nakaa.

Sahani akaifunika kwa kawa, akaniagiza niipeleke kwa majirani, kwa Mama Anna, mwenzetu wa Lushoto aliyejaliwa nyumba ya watoto wengi. Niliporudi alikuwa amekwisha kumimina chai ya mchaichai, vikombe viwili, bila kitafunwa chochote. Tukanywa kavu. Shajara, tumekaa kuliko siku zote. Amenisimulia baba alivyokwenda kumposa amevaa viatu vya kuazima, kimoja kikamtoka kwenye pantoni kikaenda na maji ya mto, akafika kwa wakwe na kimoja mkononi. Miaka yote hii sikuijua hadithi hiyo. Pale kwenye cherehani kuna gauni la mtu lina mkono mmoja mpaka sasa hivi, na wala sijali.

Lakini nilipoingia jikoni kupika, wasiwasi ukanirudia. Vitumbua hakuvipenda, sawa, ila vilikuwa vikiingia tumboni. Leo havikuingia. Na usiku akigeuza tonge tena, je? Nimekuna nazi kwenye mbuzi yake huku naomba Mungu. Nimebandika mchuzi wa changu, nimeutia ndimu kama anavyopenda, nikausikiliza ukichemka.

Magharibi imeadhiniwa, amesali, na baada ya muda nikasikia kandambili zake zinakuja. Akasimama mlangoni mwa jiko.

"Mwanaidi, chakula bado? Njaa inaniuma."

Nimegeukia chungu asinione uso. Tangu baba afariki sijamsikia mama akilitaja neno njaa. Na angelitaja saa ngapi? Toka aje nimekuwa nyuma yake na sahani, mara hiki, mara kile, mara onja kidogo. Njaa haikupata hata upenyo wa kubisha hodi.

Amekula. Amekula wali, akaomba aongezwe mchuzi, akakifyonza kichwa cha samaki mpaka hakikubaki na siri. Mie nimekula sahani yangu moja, mara ya tatu na ya mwisho kwa leo, na sikuongeza. Wala kutamani sikutamani, nilikuwa nimeshughulika kumtazama.

Sasa niko hapa barazani nakuandikia kwa simu, gauni langu limenikaa vizuri kiunoni, na bimkubwa ananiita toka ndani. Anaulizia ukoko. Nampelekea wote, na sufuria lenyewe.

Kesho naamka na swali moja tu, tamu kuliko kashata zote nilizoziacha: mtu mwenye njaa nimpikie nini?