Kundi la Baba

Dada yangu mpendwa,

Nakujulia hali wewe, shemeji na watoto, nikiomba barua hii iwakute wazima na wenye hamu ya kula. Sisi huku tunapumua. Ningesema hatujambo ningekudanganya, na ndiyo maana naandika badala ya kupiga simu. Kwenye simu ningekata kabla sijamaliza.

Unalikumbuka lile kundi la mtandaoni aliloanzisha Baba alipostaafu ubwana shamba, la kilimo cha kudumu. Walijiunga watu wa mitaa hii, kila mtu na kipande chake nyuma ya nyumba, wakajifunza kuchanganya mimea, kufunika udongo kwa majani makavu na kuachana na sumu za dukani. Mtu akituma picha ya majani yaliyojikunja, Baba alimuuliza taratibu anamwagiliaje, jua linaingilia upande gani, na wengine wote wakafaidika na majibu.

Mwaka huu kundi liliingiwa na mdudu. Anayetumia mbolea ya kiwandani aliitwa muuaji, anayeuliza swali la mwanzo akaitwa mzigo. Mimi nilikuwa nikimsaidia Baba usimamizi, basi nikaandika masharti machache: tukosoe kazi, si mtu; anayepinga aseme yeye mwenyewe alijaribu nini; anayeuliza asichekwe. Nilidhani watayapuuza. Wakayashika. Fundi baiskeli, ambaye mdomo wake unaujua, akaanza kuandika "naomba kutofautiana nawe kidogo", tukamtania hadi akazoea. Aliyekataa kuacha ukali alikuwa mmoja, na huyo ni Baba, yeye aliyekuwa mpole kuliko wote. Nikajiambia ni uzee tu, na upweke tangu Mama atutoke.

Kisha mshonaji wa mtaa wa pili, yule aliyemzika binti yake mwaka jana, akatuma picha ya nyanya zilizooza kitako. Watu wakamshauri vizuri, huyu juu ya maji, yule juu ya maganda ya mayai. Baba akaandika: "Aliyeshindwa kutunza mtoto ataweza wapi nyanya?"

Nimekuandikia maneno yenyewe kwa sababu sitaki uyasikie kwa watu. Mshonaji alijitoa kimyakimya. Nilimsihi Baba aombe radhi, akasema amesema kweli, tena akacheka. Basi nikamtoa. Nilimtoa baba yangu mzazi kwenye kundi alilolianzisha mwenyewe. Watu wakanitumia vidole gumba na kunisifu kwa ujasiri, nami nikazifuta sifa zao moja moja.

Nilikwenda kwa mshonaji. Aliendelea kukanyaga cherehani huku mimi nikiongea na mgongo wake. Dirishani niliona bustani yake. Alikuwa ameing'oa yote, udongo umebaki uchi.

Nilitegemea Baba anifokee. Badala yake aliniuliza kwa nini simu yake imekuwa kimya. Nikamweleza, akasikitika sana, na chai haijapoa akaniuliza tena, kama vile hatujazungumza. Wiki hiyohiyo nikamkuta bustanini anang'oa maharage yake machanga, ameyarundika pembeni, anasema magugu yamezidi. Baba, dada, leo hautambui mche wa harage.

Daktari alituonyesha picha ya kichwa chake. Alisema ugonjwa huu hula kwanza sehemu ya mbele ya ubongo, pale mtu anapojizuia na kumwonea mwenzake huruma. Kumbukumbu hufuata baadaye. Ule ukali ndio uliokuwa dalili. Dawa ya kumrudisha haipo.

Nilirudi kwa mshonaji kumweleza. Safari hii alisimamisha cherehani.

"Nimekuelewa," alisema. "Ni ugonjwa. Lakini masikio yaliyosikia ni yangu, na hayaumwi."

Nikaaga.

Sasa nikwambie nisilomwambia mtu. Baba alikuwa anashinda akiifungua simu na kuifunga, chakula hagusi. Nikafungua kundi jingine lenye jina lilelile na picha ileile, nikamwingiza yeye, kisha nikaingiza namba nilizozisajili mwenyewe, kila moja na jina lake la utani. Wanakundi wote ni mimi. Kule kwenye kundi la kweli wanajadiliana kwa adabu na kundi limenenepa. Huku Baba anaandika, mimi najibu. Siku nyingine ananitukana matusi ambayo sikujua kama anayajua. Siku nyingine, kwa ujumbe mmoja au miwili, anarudi kuwa yeye, anauliza jua linaingilia upande gani.

Jana mchana aliwaandikia wanakundi kwamba ana watoto wawili, wa kike na wa kiume, hajui wamepotelea wapi, na akaomba anayewafahamu amsaidie. Nilikuwa nimekaa naye kochi moja, bega kwa bega. Nilishika simu hadi kioo kikazima. Sikujua nimjibu kama nani.

Njoo, dada. Njoo angali anatuulizia.

Mpe shemeji mkono wangu, na watoto uwakumbatie kwa niaba yangu. Wakimuulizia babu yao, waambie hakuwahi kumcheka mtu aliyeuliza. Ndivyo alivyokuwa.

Ni mimi mdogo wako,
niliyebaki nyumbani.