Watoto Tisa wa Kichuguuni

Jumatatu, 4 Agosti 2025
Tumewaona! Mbwa mwitu, hapa hapa kwenye msitu wa kijiji chetu, Lionja. Miaka minne mimi katibu wa kamati ya maliasili, naandika habari za magogo na mkaa tu. Leo nimelala kifudifudi kwenye majani makavu, nimeziba mdomo nisipige kelele. Watoto tisa! Wametoka kwenye shimo chini ya kichuguu, masikio makubwa kuliko vichwa. Wakubwa wakarudi kutoka kuwinda, wakawatapikia nyama. Mmoja mguu mbovu, hawindi kabisa — naye akapewa.

Aliyetuonyesha ni Gidioni, mfugaji wa Kisukuma aliyehamia na ng'ombe wake mwaka juzi. Mwezi uliopita walimlia ndama. Nikamuuliza mbona hakuwategea sumu. Akacheka, akasema na wao wana watoto, mama. Mtu huyo!

Jumatano, 6 Agosti
Doria na Mwamina, mgambo wetu wa msitu. Darasa la saba hakumaliza, lakini msitu anausoma kuliko mimi ninavyosoma barua za wilaya. Anagusa kinyesi, anasema tembo, jike na mtoto, alfajiri, wanaelekea Hifadhini. Mbele tukakuta matawi yamevunjwa, bado mabichi. Napenda kutembea nyuma yake.

Halafu tukakuta ubaya. Kama ekari mbili, hatua mia hivi kutoka kichuguuni. Miti imechunwa gome kuzunguka shina ife imesimama, mpita njia asione pengo. Ndivyo wanavyofungua mashamba ya ufuta kwa siri. Nyasi zimefyekwa, zimekauka, zinangoja kiberiti. Moto ukipita hapo, wale watoto hawatoki.

Mwamina akatazama mikato. Yote chini, usawa wa goti. Ardhini, alama za miguu mitatu ya kigoda, kila mti.
"Huyu alikuwa anakata amekaa, dada. Ana shida ya mguu."
Namjua mtu wa hivyo. Nikaandika ukubwa wa eneo tu.

Alhamisi, 7 Agosti
Kikao cha dharura. Bilali, mwenyekiti wetu, hata hajakaa: ni wafugaji hao! Wote wakaitikia. Gidioni aondoke na ng'ombe wake. Mwamina peke yake akasimama, akauliza mfugaji gani anabeba kigoda porini. Wakamcheka. Hakukaa mpaka alipomaliza kusema. Namheshimu sana. Mimi niliinamisha kichwa naandika muhtasari. Aibu!

Taarifa iwe tayari Jumanne, iende wilayani, Nachingwea.

Jumamosi, 9 Agosti
Nimekwenda kwa mjomba Selestini. Ndiye aliyenilea mama alipofariki. Mguu ulivunjika zamani, haukunjiki.

Sikuwahi hata kuuliza. Alinieleza mwenyewe, anatabasamu.
"Mama yako amekufa hana hata mkorosho mmoja. Mimi ndiyo mjomba, nani mwingine akupe ardhi? Lile shamba lako, mwanangu. Wewe na wanao."

Siku kumi na tisa! Anasukuma baiskeli, kigoda kimefungwa nyuma, kwa ajili yangu. Hakuna mtu aliyewahi kunifanyia kazi ngumu hivyo. Nililia mbele yake. Akadhani ni furaha — na furaha ilikuwemo pia.

Nikamweleza kuhusu watoto wa kichuguuni. Akasema mbwa watahama, mbona mbwa wana miguu minne. Nikamweleza kuhusu taarifa. Akashangaa kweli: si wewe ndiye katibu? Ndiyo maana alichagua pale. Nani atamsumbua katibu wa kamati?

Jumatano anatia moto. Nimemsihi, hataki. Mvua haimsubiri mtu, anasema.

Jumapili, 10 Agosti
Misa sikwenda. Nilikwenda kichuguuni peke yangu. Wanavutana kipande cha ngozi, tisa wote, mmoja akabiringika mpaka karibu nami. Akanitazama. Hakuogopa hata kidogo.

Jumanne, 12 Agosti
Asubuhi. Gidioni ameanza kung'oa boma lake, nimesikia nyundo toka alfajiri. Mkewe amepita na mizigo, kanisalimia vizuri tu.

Fomu iko mezani. Nimejaza eneo, ukubwa, aina ya miti. Mwamina yuko nje na baiskeli, ananipeleka mjini, ananiuliza kama nimemaliza. Bado mstari mmoja: jina la mwenye shamba.

Sio Gidioni. Na mjomba amesema si lake.

Nimeandika B, herufi ya kwanza ya jina langu. Nimeandika e.

Mwamina anaita tena —