Upinde kwa Ng'ombe wa Penina

Jumatatu, 6 Machi 1944. Kagondo

Jibu la ombi langu la bunduki limekuja. Hapana. Mistari miwili na muhuri! Kijana wa Kihaya alipewa bunduki akaue Waitaliano kule Habeshi, watu wasiomkosea lolote. Mimi nataka kuua nguruwe wa porini wanaokula migomba ya dada yangu Penina kule Izigo – mimi ni hatari.

Nimeandika barua kwa gazeti kabla ya chai. Kokugonza kasema barua zangu hazijaua hata panya. Mke wangu huyu angefaa kuwa mhariri.

Mambo ya Penina yananitia giza moyoni. Mwaka wa pili wa ujane, na hana mtoto wa kiume. Mujuni, mdogo wa marehemu, anakitaka kibanja chake cha migomba, na anamtaka Penina pamoja nacho, kama mtu anunuaye nyumba na kuku waliomo. Kabla ya Pasaka wazee wa ukoo wao watakuja kukitazama. Wakikuta pori, basi, ni cha Mujuni. Na nguruwe wanachimbua kila wiki.

Njia ya kutoka ipo. Nimrudishe ng'ombe wa mahari, Penina arudi nyumbani mtu huru. Ng'ombe yupo, hapo zizini, mweusi mwenye baka jeupe. Lakini huko ni kukimbia! Mwaka mzima napiga kelele magazetini kwamba mjane ana haki ya kibanja alichokilima kwa mikono yake. Leo dada yangu mwenyewe awakimbie nguruwe?

Hapana. Vijana wenye mikuki na mbwa wako vitani. Waliobaki ni wazee wenye kikohozi. Basi nitawinda mwenyewe. Nahitaji upinde.

Jumamosi, 11 Machi

Mjini, dukani kwa Burhani. Ana upinde aliouchukua kwa mtu wa Biharamulo. Bei: debe la kahawa. Umepinda kidogo mahali pasipotakiwa kupinda, na ugwe wake ni wa katani, kama kamba ya kufungia mbuzi. Nikamwambia hivyo.

"Mwalimu," akasema, "nguruwe atautazama upinde, au atautazama mshale?"

Nikamwuliza Mwislamu anajua nini habari za nguruwe.

"Mimi nguruwe simgusi. Lakini anayekwenda kumwua namwuzia. Tena namwombea dua!"

Duka zima likacheka. Sada, mkewe, akasema kutoka nyuma ya pazia kwamba Mwalimu anataka upinde wa kupigia picha. Nikacheka nao. Sikupenda.

Kaniachia niujaribu nyumbani. Nimeujaribu. Mshale umezama ndani ya mgomba hata kichwa kisionekane. Kokugonza aliona. Akasema, haya, yamekwisha, mpelekee Burhani kahawa yake.

Mgomba si nguruwe, nikamwambia. Mgomba hauna mbavu.

Jumanne, 14 Machi

Nimetoka Izimbya. Baiskeli imenivunja mgongo. Lakini nimeuona!

Ta Bartholomayo, mchonga pinde, ni mzee mwenye majivuno kama jogoo. Alinikalisha, akaninywesha rubisi, pombe yetu ya ndizi, akanisimulia wanyama wote waliokufa kwa kazi ya mikono yake – hata simba mmoja ambaye nadhani alikufa kwa uzee. Nikachoka. Ndipo akauteremsha kutoka darini, juu ya moshi.

Upinde wa mti wa mkole, miaka mitatu kwenye moshi, mweusi, unang'aa. Mshikio umevikwa ngozi ya kenge. Ugwe wa mshipa wa ng'ombe. Nikauvuta. Mabega yakalia, nikatetemeka kama mtoto – lakini ulipokuja, ulikuja wote, kama sentensi iliyokaa sawasawa. Nikaachia. Mshale sikuuona. Nilisikia tu ulipofika.

Tangu ujana wangu nautamani upinde wa namna hii. Nimesoma habari za vita vya Wayunani na vya Waingereza wa kale, na mishale yao iliyofunika jua. Hakuna aliyeandika habari za upinde wa Izimbya. Ningeandika mimi.

Bei yake? Fedha hataki. Fedha ya vita ni karatasi, kasema. Anataka ng'ombe.

Nikamwambia ninaye mmoja tu, na si wangu hasa.

"Upinde nao ni mmoja tu," akasema, akaurudisha darini.

Alhamisi, 16 Machi

Mvua. Sikuandika kitu cha maana. Nikikaa mezani mkono unavuta ugwe usiokuwapo. Kokugonza kaniuliza naumwa nini begani.

Nimepima mambo kwa haki, pande zote mbili. Wa Burhani ungetosha – nakubali, ungetosha. Lakini "ungetosha" ndilo neno lililotufikisha hapa tulipo! Shule zetu zinatosha. Dawa zetu zinatosha. Mwafrika apewe kinachotosha, ashukuru, akalale. Kwa nini na mimi nijipe kinachotosha?

Kokugonza alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema: "Baba Klaudia, hilo ni jambo la serikali. Mimi nakuuliza habari za ng'ombe wa Penina."

Jumamosi, 18 Machi

Penina mwenyewe amekuja, kwa lori la kahawa. Amekonda. Kaleta kikapu cha maharage, akakaa jikoni na Kokugonza muda mrefu.

Kabla ya kuondoka akanijia uani. Akauliza, "Kaka, ng'ombe wetu yupo?"

Nikamwambia yupo, na asiwe na wasiwasi, mambo nayashika mimi. Nikamweleza habari za upinde. Nikamweleza kwamba kesi yake si yake peke yake, ni ya wajane wote wa Buhaya, na kwamba akisimama imara mwaka huu, mwakani watasimama kumi.

Akasema, "Mimi nimechoka, kaka."

Nikamwambia kuchoka ndiko wanakokungojea.

Akafunga kanga yake vizuri, akaenda kumtazama ng'ombe. Akamkuna shingoni. Lori likapiga honi, akaondoka.

Jumatatu, 20 Machi

Nimempeleka ng'ombe Izimbya. Njia nzima alinifuata bila kuvutwa. Afadhali angegoma.

Upinde uko ukutani. Kokugonza hasemi nami.

Alhamisi, 23 Machi. Izigo

Nimeua! Dume, meno kama mundu. Niliotea mpakani, penye rweya, nyika ya majani, tangu alasiri. Walitoka wanne jua likizama. Mshale uliingia nyuma ya bega, ukatokea upande wa pili. Upande wa pili! Upinde wa Burhani ungefanya hivyo? Hata bunduki waliyoninyima sijui. Wengine walikimbia na sidhani watarudi upesi.

Majirani wamekuja na vigelegele. Nyama imegawanywa. Mujuni naye kaja, mnene, mpole, mwenye sauti ya shemasi. Hakumtazama nguruwe. Aliomba aushike upinde. Akaupitishia kidole toka ncha hata ncha.

"Shemeji, muramu wangu," akasema, "kitu kama hiki mtu anakipata wapi?"

Nikamwambia kwa watu wanaojua kufanya kazi.

Penina alipika. Hakula. Nilimwuliza kwa nini hafurahi. Akasema anafurahi.

Jumapili, 26 Machi. Izigo

Wazee wamekuja leo baada ya ibada, mapema kuliko tulivyotazamia. Watano. Wamezunguka kibanja chote, wakapiga teke mashina, wakatazama mashimo tuliyofukia. Mkubwa wao akasema kibanja kina mtu. Mwanamke huyu asisumbuliwe kwacho.

Tumeshinda! Nilikuwa nimekwisha kufungua mdomo nitoe hotuba.

Penina akasimama. Akapiga goti kwanza, kwa adabu, kisha akasimama tena. Akasema: "Nawashukuru, baba zangu. Sasa naomba ruhusa niende kwetu."

Nilidhani nimesikia vibaya.

Mkubwa wao akamwuliza, kwa nini, mwanangu, na nguruwe wamekwisha?

Akasema – neno kwa neno – "Nguruwe huja nyuma ya nyumba. Mujuni huja mlangoni."

Mujuni akatazama viatu vyake. Wazee wakakohoa. Hakuna aliyemkemea! Hata mmoja! Wakanong'onezana, kisha wakasema mwanamke akitaka kwenda hafungwi kamba. Ila mahari irudi. Ng'ombe kwa ng'ombe, kabla ya Jumapili ya Mitende. Isiporudi, yeye ni wa ukoo, na wa ukoo hatunzwi na mwingine ila Mujuni.

Wote wakanigeukia mimi. Penina naye. Yeye alikuwa anatabasamu kidogo – mara ya kwanza mwaka huu. Alikuwa hajui. Sikuwa nimemwambia.

Jumatatu, 27 Machi

Izimbya na kurudi. Bartholomayo kamtoa ng'ombe mahari ya mwanawe, siku ya tatu tu baada ya kumpokea. Yuko Karagwe. Kanionyesha zizi tupu kwa mkono, kama mtu anayeonyesha shamba lake.

Nimepita dukani kwa Burhani kumwuliza nani angetoa ng'ombe kwa upinde. Hakucheka safari hii. Akasema, "Mwalimu, katika wilaya hii nawajua wawili tu. Mmoja ni wewe."

Jumanne, 28 Machi. Izigo

Nimemwambia Penina. Hakulia. Kauliza tu kama ng'ombe alisumbua njiani.

Mujuni kaja asubuhi, na kanzu safi. Yuko nje sasa, kwenye kigoda, anakunywa maji aliyopewa na mwanamke ambaye yeye humgongea mlango. Maneno yake haya: nimpe upinde, naye atasema mbele ya wazee kwamba ng'ombe amerudi. Penina aende zake leo hii. Kibanja kitakuwa chake, bila shaka, maana hakitakuwa na mtu.

Upinde na kibanja! Vyote viwili! Halafu aniite muramu!

Mambo ni haya. Nikikubali, yote niliyoandika yatakuwa kicheko. Watasema Mwalimu alipigania haki ya wajane mpaka ilipomgharimu kitu. Tena nitakuwa nimemfundisha Mujuni, na kila Mujuni aliyeko Buhaya, kwamba ukigonga mlango wa mjane muda wa kutosha unalipwa. Hili ni jambo la kanuni. Halihusiani na ngozi ya kenge. Kuna rufani kwa mkama, mtawala wetu. Kuna barua. Mitende ni Jumapili – siku tano! Katika siku tano mtu mwenye akili anaweza kupata ng'ombe. Nani atanikopesha ng'ombe? Mtu yupo. Lazima yupo.

Penina amekwisha kukunja mkeka. Vyungu viwili, sanduku, jembe. Ameviweka mlangoni, vimepangwa vizuri. Upinde uko magotini pangu, ndiyo maana mwandiko huu mbaya.

Mujuni anakohoa huko nje. Hana haraka.

Penina amesimama mbele yangu. Anauliza kama nimemaliza kuandika.

Nimemwambia bado kidogo.