Herufi za Harusi Kaburini

Baba Aloyce,

Shikamoo. Najua "marahaba" haitarudi, ila mkono wangu umekataa kuanza bila salamu.

Nina jambo la kukiri. Ratiba ya mazishi yako, pamoja na nyimbo zake, niliichapa mimi, hapa hapa dukani kwako, nikilia. Nilifungua kazi ya mwisho kwenye kompyuta, kadi ya harusi, nikafuta majina ya maharusi nikaweka lako. Herufi sikubadilisha. Zile zenye mikia, Mzee! Miaka sita umenifundisha kwamba herufi nazo huvaa, na hakuna anayekwenda msibani na shela. Nami nikakuvika shela.

Kule kijijini kwako Kilema, ulipofika wimbo wa kushusha jeneza, kina bibi waliisogeza karatasi mbali, wakaileta puani, wakaishusha. Ubeti mzima waliimba vijana peke yao. Watu walidhani ni majonzi. Mimi nilijua ni herufi zangu.

Nimekukumbuka, jamani. Ulivyokuwa ukibandika kazi ukutani, unavua miwani, unarudi nyuma hadi mlangoni. Tangazo la dawa ya kahawa ulilivika herufi nene, zimesimama wima kama mgambo. Kadi ya kipaimara, nyembamba na za upole. Kisha unamwita mama muuza ndizi aje asome. "Resti, kama huyu hasomi, hatujachapa, tumemwaga wino tu." Mpaka leo anachungulia kuuliza kama kuna cha kusoma.

Sasa wanajengea kaburi, na Mama Aloyce kaniachia mimi nichague herufi za jiwe. Niliogopa. Karatasi huchapwa tena, jiwe halifutiki. Fundi wa marumaru alinionyesha zenye mikia, eti ndizo zinazopendwa. Nikakataa. Nimechukua zile ulizochapia nyimbo za kwaya, pana, hazina pambo.

Jumapili nilipanda na karatasi ya mfano, nikaibandika mlangoni kwenu. Mama Aloyce alikuwa uani anakata majani ya ng'ombe, hana miwani. Akasimama pale pale, akasoma jina lako lote kwa sauti, kama anayekuita chakula kimeiva. Sote wawili tukautazama mlango, tukisubiri uitike.

Pumzika, Mzee wangu. Ule wimbo nimeuchapa upya kwa herufi hizo hizo. Siku ya kubariki kaburi nitawagawia kina bibi kwanza, na ule ubeti wao watauimba.

Mwanao wa kazi,
Resti