Miguu Yangu katika Beseni la Mama Tina

Sydenham, Durban,
Afrika Kusini.
Jumapili, 14 Machi 1999

Mpendwa Shangazi Agathe, na ninyi nyote mlioketi kumzunguka binamu Peguy anapoisoma barua hii kwa sauti:

Makomredi! Ndugu wapambanaji!

Msicheke. Najua mnacheka, na Peguy ndiye wa kwanza, kwa maana mnakumbuka nilivyolileta neno hilo nyumbani kutoka chuoni, nikamwita hata Babu komredi mbele ya sahani yake ya ugali. Leo nalitumia kwa haki. Sisi ambao vita vilitutoa Uvira, kwetu Kongo, vikatutawanya, ninyi Kigoma na mimi huku, tumo katika pambano moja, nalo ni kubaki ndugu.

Bwana asifiwe sana. Hamjambo wote? Shangazi, macho yanaendeleaje baada ya ile dawa ya matone? Kifua cha Mjomba Josias je, bado kinamsumbua msimu huu wa mvua? Mimi ni mzima. Masomo ya sheria yanakwenda vizuri, na jioni nafanya kazi katika duka la simu karibu na soko la Warwick, ambako nasikia Kizulu, Kilingala, Kirundi na Kifaransa kabla chai yangu haijapoa. Nakula vizuri. Sijakonda, picha ile iliyowatia hofu ilipigwa vibaya.

Shangazi, barua yako ya Januari niliipata. Sikuchelewa kujibu kwa uvivu. Swali lako lilinikaba. Uliandika kwamba tangu tumzike Baba, nyumba yenu na ya yule mwanamke wa Kirundi si nyumba moja tena, hivyo imenipasa kuchagua: ama mimi ni mtoto wenu, ama ni mtoto wa mama yangu. Ukaongeza kwamba nisikujibu kwa hotuba. Nimetii. Nitakusimulia tu yaliyotokea jana na leo, nawe utaona jibu langu limetoka wapi.

Mnajua nilivyoondoka nyumbani. Chuoni niliwatangazia wote kwamba dini ni blanketi la kuwafunika walionyimwa mkate. Nilipofika Durban nilianza kwenda kusali kwa sababu isiyo ya kiroho hata kidogo: nilikuwa na kiu ya Kiswahili. Kusanyiko letu hukutana kila Sabato katika shule ya msingi tunayokodi hapa Sydenham, Wakongo na Warundi pamoja. Nilikwenda kwa ajili ya lugha, nikabaki kwa ajili ya nyimbo, na Neno likaanza kuniingia polepole, kama maji yanavyoyaingia maharage yaliyolowekwa. Mwaka jana nikabatizwa, kama nilivyowaandikia.

Lakini tangu vita vianze upya Agosti, habari za nyumbani ziliingia nasi kanisani zikaketi vitini kabla yetu. Wakongo wakahamia kulia, Warundi wakabaki kushoto. Hakuna aliyeamuru. Kisha Mama Tina, msusi mwenye saluni yake, mwenyeji wa Uvira kama sisi, ambaye vita vilimnyang'anya kaka yake wa pekee, akatoa hoja kwamba Wakongo wahame. Alikuwa ameona ghala tupu kule Clairwood ambalo lingeweza kuwa kanisa letu wenyewe. Mkutano wa kuamua ukapangwa uwe leo. Mzee wa kanisa, Mzee Pierre-Claver, ni Mrundi. Alinyamaza, kwa kuogopa kuonekana anawatetea watu wake.

Mnaona nilipokuwa nimesimama? Swali lako, Shangazi, lilikuwa limevuka nchi kadhaa na kunifuata hadi kanisani. Mlango wa Clairwood ukifunguliwa, mimi ningeketi wapi? Nilimuuliza Mama Tina hivyo mbele ya watu wote. Alinijibu huku akitafuta funguo mkobani mwake, bila hata kunitazama:

"Mshika mawili, moja linamponyoka, komredi. Chagua moja, ulishike vizuri."

Watu wakacheka. Nikarudi chumbani kwangu nikaandaa hotuba. Makomredi, ilikuwa hotuba! Ilikuwa na utangulizi, ilikuwa na historia, na ilikuwa na sehemu ya tatu ambayo ingemfanya Mama Tina autafute mlango akiwa amefumba macho. Niliihifadhi yote kichwani, nikaingoja Jumapili kama mtu anayengoja harusi.

Kabla ya Jumapili ikatangulia Sabato ya jana, nayo ilikuwa siku ya Meza ya Bwana. Kwetu, kama huko kwenu, hatuugusi mkate kabla ya kutawadhana miguu, wanaume chumba chao na wanawake chao. Sisi wanawake tulipewa darasa la watoto wadogo. Hebu wazieni akina mama wa Uvira na wa Bujumbura, na vitenge vyao vya Sabato, wameketi kwenye viti vya watoto wa miaka sita, magoti yamefika kidevuni.

Hapo ndipo nilipoliona jambo ambalo lilikuwa mbele ya macho yangu siku zote. Kila mmoja alikuwa na mwenzake wa kutawadhana naye, Mkongo kwa Mkongo, Mrundi kwa Mrundi. Tuliitimiza amri ya Bwana kwa uaminifu mkubwa na kwa hila ndogo: tulitawadha miguu ambayo haijawahi kutukanyaga. Mwenzangu mimi ni Tina, binti wa Mama Tina, na jana alikuwa kitandani na homa. Mwenzake Mama Tina naye alikuwa amesafiri kwenda Johannesburg. Mashemasi wakagawa mabeseni. Nikatazama huku, nikatazama kule. Tulikuwa tumebaki wawili.

"Eish," akasema Mama Tina. "Mungu naye iko na vichekesho."

Nikamwahi. Nikajifunga taulo kiunoni, nikapiga magoti, nikamtawadha kwa haraka na kwa ustadi. Moyoni nilikuwa nashindana. Nilijisemea kwamba leo nimemshinda kwa unyenyekevu, na kesho nitamshinda kwa hoja. Nilipomaliza nikasimama, nikaanza kulikunja taulo.

"Unaenda wapi?"

"Muda umekwenda, mama. Wenzetu wameanza kuimba."

"Kaa."

"Kwa kweli, mama, si lazima..."

"Kaa, mwanasiasa. Ao unaogopa maji?"

Nikaketi. Nikavua viatu na soksi. Shangazi, nimewahi kusimama mbele ya askari wenye mbwa, kipaza sauti mkononi, na sauti yangu haikutetemeka. Lakini katika kiti kile cha mtoto, miguu mitupu mkononi mwa mtu niliyemwandalia maneno ya kumwangusha, nilivikunja vidole vya miguu nivifiche. Maji ya moto ya birika yalikuwa yamekwisha, yakabaki ya bomba.

"Maji ni baridi mno," nikalalamika.

"Ulitaka ya moto kama ile midomo yako?"

Wanawake wa pande zote mbili wakacheka, na kicheko kilikuwa kimoja. Mama Tina akaushika mguu wangu wa kulia, akauosha, akaupangusa. Akaushika wa kushoto. Kisha akaipakata yote miwili, akaisugua kwa taulo muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Nilikuwa natafuta mguu wa kwetu ni upi," akasema kwa sauti ya chini. "Yote mbili iko baridi tu."

Baada ya kutawadhana huombeana. Akaniwekea mkono kichwani, akafumba macho, akaanza: "Baba, bariki huyu mtoto. Bariki na mama yake, huyu..." Akakwama. Akafumbua jicho moja. "Mama yako anaitwa nani?"

"Spès."

"Bariki Spès," akaendelea. "Umupe chakula, umupe usingizi mzuri kule aliko, umurudishie watu wake. Spès, Bwana. Unamujua."

Peguy, hapa soma polepole. Tangu tumzike Baba, sijamsikia mtu wa upande wetu akilitaja jina hilo. Katika barua zenu mama yangu ni "yule mwanamke". Nawaambia kwa heshima, na kwa machozi ya furaha: nimelisikia likitajwa mbele za Mungu na mtu ambaye vita vimemchukulia zaidi ya vilivyotuchukulia sisi, tena bila kuombwa na yeyote. Nililia, Shangazi, hadi taulo la miguu likawa la uso.

Mliniuliza mimi ni nani. Nimelitafuta jibu hilo katika vitabu, katika maandamano, katika mikutano ya kamati ambamo tulipiga kura hata juu ya rangi ya bango. Miaka yote hiyo nilijua kutoa tu: kutoa hoja, kutoa maagizo, kutoa msaada. Hata Mungu nilimwendea kama mwenyekiti wa chama, ili anipangie kazi. Kupokea sikujua. Na mtu anayetawadhwa hana la kufanya! Hawezi kusaidia, hawezi kueleza, hawezi kustahili. Anaketi tu, anapendwa. Katika hali hiyo, bila cheo na bila hotuba, nilijijua kuwa mtu wa Bwana, mimi mzima, kuanzia utosi hadi kisigino. Yeye aliyeniumba kutoka kwa watu wawili hakuniwekea mshono katikati.

Je, nimeacha kupambana? Hapana! Haki za wakimbizi bado nazidai, na wiki ijayo nitawasumbua tena wakuu wa chuo. Ila sasa nadai kama mtu aliyekwisha kupewa, na mnaweza kuamini kwamba sauti inatoka vizuri zaidi.

Leo mkutano umefanyika. Mzee Pierre-Claver aliniita niseme. Ile sehemu ya tatu ikanijia ulimini, tamu kweli kweli, nikaimeza. Nikasema hivi tu: "Wazazi wangu, mkigawana nyumba hii kila mmoja wenu atapata upande wake, na mimi nitapata mlango. Sitamhukumu mtu. Nitakuja hapa Sabato moja na Clairwood Sabato ya pili, na kila mahali nitataka mtu wa kunitawadha." Nikaketi. Watu walizoea nichukue muda; wakabaki wakinitazama, wakidhani napumzika.

Mzee Pierre-Claver akamgeukia Mama Tina. "Mama, hoja yako bado ipo?"

"Hoja iko," akajibu. Akavuta pumzi. "Lakini Clairwood ni mbali, na huyu mtoto iko na miguu baridi. Nani atamutembeza huku na kule? Tuingoje Meza ya Bwana inayokuja, ndiyo tuongee."

Mzee akachukua nafasi hiyo mara moja. Akapendekeza kwamba siku hiyo mtu asijichagulie wa kutawadhana naye. Mashemasi ndio watakaopanga, Mkongo na Mrundi. Mikono ikapanda, mingi kuliko nilivyotarajia, ingawa si yote.

"Sawa," akasema Mama Tina. "Ila huyu nimekwisha kupangiwa. Simuachilii mtu."

Msidhani amekuwa malaika. Tulipokuwa tukitoka alinishika sikio akaniambia kwamba nywele zangu zinaiaibisha Uvira nzima, na kwamba Jumatano nifike saluni bila ubishi. Nitafika.

Basi, Shangazi, hili ndilo jibu langu. Mimi ni mtoto wenu. Mimi ni mtoto wa Spès. Sikatai kuchagua kwa ukaidi wa yule msichana mliyemjua. Nakataa kwa sababu nimeonyeshwa kwamba kitu hicho hakigawanyiki. Ukimpokea nusu mtoto wa kaka yako, hutakuwa umempokea. Na hata ukiniambia nisikuandikie tena, nitakuandikia, kwa kuwa wewe ndiwe uliyenifundisha kusali kabla sijajua kusoma.

Nina ombi moja. Pamoja na barua hii nimetuma nyingine Ujiji, kwa Mama. Nimemwomba siku ya Meza ya Bwana asibaki kanisani kwake, aje kanisani kwenu Mwanga, hapo Kigoma. Wewe nakuomba tu kwamba siku hiyo usiwe umeahidiana na mwenzako yeyote mapema. Sikuombi umsamehe kwa barua, wala usahau lolote. Nakuomba uketi chumba kimoja naye, penye maji.

Mnisalimie Mjomba Josias, na mumwambie aache kutoka nje asubuhi bila sweta. Mnisalimie Léonard na mkewe, Dada Prodige na mapacha wake, na majirani wote wa Mwanga waliotupokea tulipofika mikono mitupu. Peguy, asante kwa koo lako, kunywa maji.

Bwana aliyewavusha ninyi nyote salama kutoka Uvira awalinde kila mtakapotoka na kila mtakapoingia. Akuongezee nuru ya macho, Shangazi, na amani isiyomwacha mtu nje ya mlango.

Makomredi, tangazo la mwisho. Kusanyiko lijalo la Meza ya Bwana ni Sabato, tarehe kumi na mbili Juni: saa tatu kamili asubuhi hapa Sydenham, saa nne kamili huko Mwanga, nayo ni saa ile ile moja mbele za Mungu. Mama ataketi nyuma kabisa, karibu na mlango. Saa nne, Shangazi. Usichelewe.

Ni mimi mtoto wenu, niwapendaye bila kuwapunguza,

Lyse