Fomu ya Kodi ya Bibi

Baba,

Nyama na viazi vimo kwenye jokofu, vipashe moto. ~~Nisamehe kwa~~ Siombi radhi.

Asubuhi uliponipokonya fomu ya Bibi ukafoka, "Gawio ni gawio, binti! Unataka watu wa kodi wa jimbo watoke St. Paul watugongee mlango?" nilikuachia kwa haya, si kwa kushindwa. Mfuko wake wa uwekezaji una hati fungani za serikali kuu, na sehemu ya gawio inayotokana na riba ya hizo, jimbo haliruhusiwi kuitoza kodi. Barua ya mfuko inataja asilimia kamili ya sehemu hiyo, nawe kila mwaka unaitupa bila kuifungua.

Nimejaza fomu upya, naipeleka posta. Paka hajala.

Ukitaka ugomvi, anza na mama yako. Ameshatia sahihi.

Bintiyo,
Solveig